Miaka Iliyolala kwa Naishiye

Siku ya mbio, mpanda farasi aliruhusiwa kumwachia jamaa wa damu miaka iliyomlemea, mradi aichukue jioni. Ikilala kwa jamaa huyo, kila usiku mwaka mmoja ulibaki kwake daima. Ndeshi, mwenye hamsini na mmoja, alishikana mikono na bintiye Naishiye, akamwachia ishirini na sita, kisha akaenda uwanjani na magoti ya msichana.

Alishinda kwa mbali. "Poleni, wanangu," aliwacheka vijana walionuna. "Jumatano ijayo njooni na mama zenu!"

Nyumbani alimkuta Naishiye, msichana wa miaka ishirini, ameketi na mvi, akisuluhisha ugomvi wa majirani wawili. Walimsikiliza hadi mwisho, wakamuaga kwa heshima. Siku za kawaida hata salamu yake hawakuiitikia.

"Lete mikono, mwanangu."

Naishiye akaificha ndani ya kanga. "Mama, niache na miaka hii mpaka Jumapili. Itanibakia minne tu. Nikiwa nayo, watu wananisikiliza."

Ndeshi alijua mzazi anapaswa kujibu nini. Lakini alikuwa amechuchumaa, akivua buti, na hakuna kiungo kilichomuuma.

"Jumapili asubuhi," aliuliza, "au jioni?"