Harusi ya Wachina

Suzana alicheka kwanza, Levina akafuata. Ndivyo walivyoangalia tamthilia ya Kichina pale Usoke. Suzana alisoma maandishi ya Kiswahili yaliyopita chini ya picha, na dada yake Levina, aliyezibwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akasikiliza kutoka kwenye kigoda, mbele kabisa.

Ilikuwa tamthilia ya kuchekesha. Kijana mpishi na binti wa jirani, kutwa kugombana, kutwa kupatana.

"Sasa anamfanya nini?"

"Anammenyea karanga, dada. Anamlisha moja moja."

"Kumbe hata Wachina wanapenda karanga."

Kasimiri, mume wa Levina, alikaa nyuma, benchi moja na Suzana. Mchana hao wawili walitaniana kama mashemeji wote: yeye akimwita Suzana mke wangu mdogo, Suzana akimjibu kwamba mzee mwenye meno ya tumbaku hana wa kumtaka. Runinga ikiwaka, utani ulikoma. Kasimiri aliwaita Wachina wale wapuuzi, lakini hakukosa hata siku moja. Levina alimshukuru Mungu kwa mume anayevumilia upuuzi kwa ajili ya mkewe.

Haja yake ilikuwa moja: aione harusi ya wale vijana kwa macho yake mwenyewe. Suzana alimsihi asiende kuchokolewa macho, atapofuka kabisa. Levina akapanda treni na jirani yake Theodora hadi Tabora, akafanyiwa upasuaji.

Bandeji ilipotolewa aliona kwanza kucha zake, kisha maua ya kanga ya Theodora. Akamwomba Theodora afunge mdomo, kwani alitaka kuwafurahisha wa nyumbani kwa ghafla. Alirudi na miwani myeusi, akasema daktari kamwambia nuru itakuja polepole.

Siku ya harusi ikafika. Levina akakaa kigodani. Kwenye runinga bata alikuwa amenyakua shela la bibi harusi, anakimbia nalo uani, na maharusi, wakwe, wapishi na masufuria yao, wote wanamfukuza. Levina aliuma upindo wa kanga asicheke.

"Sasa wanafanya nini, mdogo wangu?"

"Wametulia tu, dada," Suzana akasema taratibu. "Bibi harusi kamlalia mumewe begani."

Levina akadhani maandishi yamempita mdogo wake. Akavua miwani, akageuka amwambie habari za bata.

Kichwa kilikuwa begani, kweli. Bega lilikuwa la Kasimiri.