Shahidi Mmoja Tu

Kinyozi hakumwacha mshauri amalize salamu. Alimwambia mwanawe yuko gerezani mwaka wa pili sasa kwa ajili ya unga, na kama mama mshauri anataka kujua somo lake lilimfaa nini, akamuulize huko huko.

Mshauri alishukuru, akatoka, akafuta jina jingine kwenye orodha ya darasa. Watoto tisini walikuwamo, wakubwa sasa. Miaka kumi na moja, kila Ijumaa alasiri, aliwafundisha vijana kujihadhari na dawa za kulevya, kwa picha, kwa nyimbo, hata kwa kulia mbele yao. Sasa wafadhili walikuwa wanakata msaada. Walitaka aletwe kijana mmoja aliyeokolewa na somo lile, mmoja tu, la sivyo mlango ufungwe.

"Angalau ninaye wewe," alimwambia bintiye aliyefuatana naye. Lakini wafadhili hawakutaka ushahidi wa ndugu. Vinginevyo angempeleka huyu, mtoto asiyejua hata harufu ya moshi, ambaye ile homa ya kutetemeka ilimlaza chumbani karibu mwaka mzima wa mwisho wa shule.

Binti alisema miguu inamuuma, bora warudi nyumbani. Mama hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Lilibaki jina moja.

Lilikuwa la fundi cherehani, aliyesoma na bintiye. Walimkuta katikati ya vitambaa, mzima, macho maangavu, akiwaelekeza wanafunzi wawili. Aliwapa viti. Alipoulizwa, alisema hajawahi kugusa kitu, wala hatagusa.

Mshauri alitoa kalamu, ikamponyoka, akaiokota.

"Niambie basi, mwanangu. Ni lipi katika somo langu lililokuokoa?"

Fundi alisimamisha cherehani. Alimtazama binti kwa muda mrefu. Binti akainamisha kichwa, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeruhusu.

"Sikuwahi kuhudhuria, mama. Wenzangu waliniitikia jina tu. Kila Ijumaa ulipokuwa unafundisha, mimi nilikuwa nyumbani kwako, nimemkumbatia huyu asitoke kwenda kutafuta unga."