Kuvu Mbili, Jiko Moja

Siku hizi binti haolewi bila chungu cha kuvu. Mama yake humkatia kuvu ya kwao, naye akifika kwa mumewe huilisha pumba na kuwakamulia watu wa nyumba maji yake kila asubuhi, yayeyushe damu iliyoganda mishipani. Aliyeyazoea akiyakosa, damu humganda upesi. Vidonge vya kuiyeyusha vilishaacha kutengenezwa. Na kuvu haikubali mkono mwingine. Ikilishwa na asiye wake, hunyauka.

Sikitu alipoolewa alistahili jiko lake. Mkwewe, Bi Mwanjaa, alikataa. Alitaka amwone anavyopika. Haikupita wiki, kuvu changa ya Sikitu ikaila kuvu kuukuu ya mkwewe. Bi Mwanjaa alilia kama aliyefiwa. Mama wa kumkatia nyingine alishazikwa zamani.

Asubuhi moja, miezi baadaye, Sikitu alikuwa amefunga mzigo. Mumewe alikuwa amempiga tena, safari hii mbele ya watu.

"Shikamoo, mama. Narudi kwetu."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanjaa hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa ameunyosha mguu wake mbovu mkekani. "Nenda. Hata mimi nisingekaa."

Sikitu akainua chungu.

"Ila leo bado sijanywa."

Akakitua, akamkamulia. Bi Mwanjaa akanywa taratibu hadi tone la mwisho. Kisha akainuka kwa shida, akakiosha kikombe mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuosha hata kijiko tangu mkaza mwana aingie, akakirudisha mahali pake pa kila siku.

Nje, bodaboda aliyoiita Sikitu ikapiga honi. Hakuna aliyegeuka, na chungu kilibaki pale Sikitu alipokitua.