Joto la Upande wa Pili

Mvua ya asubuhi iliondoka na umeme, na mama mfugaji akajua vifaranga wake watapata baridi. Alipoingia bandani alitarajia kuwakuta wamerundikana katikati ya bruda, kizimba chao cha kulelewa, chini ya taa iliyozimika, kama kawaida yao wakitafuta joto.

Hawakuwa hapo. Wote walikuwa wamejibana kwenye bati linalotenganisha banda na chumba cha binti yake, wametulia, wamefumba macho.

"Mnakimbia upepo wa wapi?" aliwauliza.

Alipitisha kiganja mlangoni na dirishani, asihisi upepo wowote. Ndipo akaligusa lile bati. Lilikuwa la moto.

Aliuondoa mkono haraka. Chumba kile hakikufunguliwa tena tangu wamzike binti, na ufunguo alikuwa nao mumewe.

Alizunguka nyumba mbio, akausukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, jiko la mkaa likiwaka miguuni pake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, blanketi limevutwa hadi kwenye mto mtupu.

"Rudishia mlango, mke wangu," alisema taratibu, bila kugeuka. "Unajua mtoto anavyoona baridi."

"Umeanza lini haya?"

"Kila mvua ikinyesha."

 Mkewe alifungua dirisha, hewa ya mkaa isije ikamdhuru mumewe, na ubaridi wa mvua ukaingia.  Kisha akainama kitandani, akalivuta lile blanketi juu zaidi.