Mkwaju wa Wakfu

Sogeeni wajukuu, fungeni vinywa, hii ya leo tamu! Chuo cha wanyama kilikula kwa wakfu wa mkwaju mmoja. Njiwa walipanga matawini, kodi yao mtama.

Mkuu wa chuo, Nyani mpenda sifa, akasema, "Tuukate tujenge ukumbi!"

"Mzee wangu, wanafunzi watakula nini?" akauliza Kuchakuro, mfukia mbegu.

"Mwoga we! Ukumbi utapata wapangaji tele!"

Mkwaju ukaanguka, njiwa wakahama. Ukumbi ulipomalizika, wapangaji hao, maelfu! Nyani akarukaruka. Kumbe ni mchwa! Wakautafuna mpaka paa.

Wanafunzi wakarithi mikwaju michanga aliyoipanda Kuchakuro, njiwa wakirudi kupanga matawini. Mchwa wakarithi ukumbi. Nyani je? Akarithi cheo, na njaa yake.