Kitabu Kinachosikiliza Kicheko

Siku hizi vitabu vya watoto husikiliza. Mzaha ambao mtoto hakuucheka hufutika wenyewe, na ukurasa hubaki mweupe pe.

Mwanakheri, mtunzi wa visa vya kuku aliyetaka kuwa mwalimu mkuu, alimkuta binti yake Saumu jikoni na kitabu kipya cha mama yake, akicheka kila mstari. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mdomoni tu.

"Mwanangu, sura ya tano inachekesha hivyo?"

"Haichekeshi, mama. Nacheka isifutike. Uliiandika baba alipokuwa anaumwa."

Mwanakheri akavuta kigoda, akaketi karibu naye. Akasema, "Lakini unacheka kama mbuzi mwenye mafua."

Saumu akaangua kicheko, safari hii cha kweli, na mama naye akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Tangu msiba wa baba, nyumba ile haikuwahi kusikia kicheko kama hicho.

Asubuhi sura ya tano ilikuwapo yote. Mwishoni palikuwa na mstari ambao Mwanakheri hakuuandika: kuku amemwajiri mbuzi mwenye mafua afundishe kuimba.

Mwanakheri akacheka. Kisha akakifungia kitabu kabatini, akamwita Saumu wakazungumze uani, kisiwasikie.