Gari la Marafiki wa Mto

Kwenye kizuizi cha kwanza Kavira alilia hata mwanajeshi akavua kofia. Alikuwa ameketi nyuma ya pikapu, kitenge kimefungwa kichwani kwa namna ya mjane, mkono mmoja juu ya jeneza. Jéthro, dereva, aliinamia usukani ili wasione jinsi anavyozuia kicheko. Mwanajeshi alilegeza kamba, gari likapita.

"Mama, unajua teatre," Jéthro alisema kupitia kioo kilichovunjika. "Hata mi mwenyewe nilitaka kulia."

Kavira alikuwa bado analia, na Jéthro akafikiri anajizoeza kwa kizuizi kinachofuata.

Mpango ulikuwa wa Onésime, prezida wa Marafiki wa Mto. Hicho kilikuwa chama cha watu wema wa mji wa Butembo, walimu, wachungaji na wafanyabiashara, waliojitolea kutunza hifadhi pale mto Semliki unapotoka ziwani, pamoja na nyumba ya kupokelea wageni. Wengi wao hawakuwahi kumwona kiboko ila kwenye sahani, lakini waliwapenda viboko kwa moyo wote na walikutana kila mwezi kuwazungumzia. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na hazina yao: fuvu la kiboko, ndege waliojazwa pamba, samaki kwenye chupa za dawa. Tangu vita vianze hakuna mgeni aliyekuja. Waliobaki ni Edmond, mlinzi wa nyumba, mzaliwa wa Butembo, na mkewe Kavira.

Wiki mbili kabla, Kavira aliomba gari kwa redio ya phonie. Edmond alikuwa na homa, hawezi kusimama, na dawa hakuna. Kamati ilikaa. Ikamwombea mgonjwa sala ndefu na nzuri, kisha ikajibu kwamba mafuta ni ghali, njia imejaa askari, na gari la chama haliwezi kuhatarishwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Baadaye zikafika habari kwamba askari wanaikaribia ile nyumba, na wanakopita wanachoma kila kitu. Mafuta yakapatikana siku hiyo hiyo. Inaudhi kuisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Onésime alinunua jeneza, akalipakia garini likiwa tupu, maana askari wa pande zote hupora chochote ila maiti. Kavira angeitia hazina humo, apigilie misumari, kisha alie njia nzima kama mjane hadi Butembo.

Jéthro alipofika kule ziwani, Kavira alimpokea mlangoni. Jéthro alimwuliza hali ya mgonjwa.

"Amepata nafuu kidogo," Kavira alisema. "Atabakia kuchunga nyumba. Hapana kumusumbua. Wewe acha sanduku hapa, uende kutafuta mafuta kwa bavuvi. Mi nitapanga bitu."

Aliporudi, jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari, na wavuvi wanne walikuwa wakilipandisha garini polepole bila kusemezana. Jéthro aliwaambia waangalie chupa zisivunjike. Mmoja wao alimtazama, akageuza uso.

Kwenye kizuizi cha Beni jua lilikuwa kali na askari walikuwa wamekunywa. Mmoja alipanda nyuma ya pikapu, akagonga jeneza kwa kitako cha bunduki.

"Iko nini humu? Munition, masasi? Kakao?"

"Ni bwana yangu," Kavira alisema.

"Bote banasemaka vile. Fungua."

Jéthro aliangalia nyuma kupitia kioo. Wakiona ndege na chupa watajua wamechezewa, na hapo hakuna atakayefika Butembo. Alitafuta sala kichwani, asiipate hata moja. Lakini Kavira aliondoa mkono juu ya kifuniko, akasogea kando.

"Fungua, mutoto wangu," alisema taratibu. "Fungua, umuone. Kiisha utanisaidia kufunga, juu mi sina nguvu tena."

Askari alimkazia macho. Kisha akashuka, akaonyesha njia kwa mkono. Jéthro alikanyaga mafuta, anacheka. Hakuwahi kuona mtu jasiri kiasi hicho kwa ajili ya ndege waliojazwa pamba, akaapa kwamba kamati nzima itasikia.

Na kweli ilisikia. Butembo wanachama walikuwa wamekusanyika kwenye bureau ya chama, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, rafu zimepakwa rangi mpya. Jeneza lilipoingizwa, na Jéthro alipomaliza kusimulia, walimpigia Kavira makofi. Falonne, mweka hazina wa chama, alimletea chai, akamwambia sasa anaweza kupangusa machozi, safari imekwisha. Kavira hakuipokea ile chai. Alisimama karibu na jeneza, macho yamevimba, mashavu yamelowa, na makofi yakapungua yenyewe.

"Wasingya, Mama Kavira," Onésime alisema, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. "Umeokoa kitu kenye haina bei. Na dossier ya Edmond, tutairudilia mu réunion ya kamati ya mwezi unakuja. Donc usiwe na shida."

Alichukua nyundo yeye mwenyewe, akang'oa misumari mmoja mmoja.

"Mutie mikono pole pole," aliwaambia wenzake. "Tutaanza na ndege."

Kifuniko kikainuka. Edmond alikuwa amevaa shati lake safi la kazi, kitambaa kimefungwa kidevuni, mikono imekunjwa kifuani.

"Ndege ziko kule kule, Prezida," Kavira alisema. "Sikukuwa na gari ingine ya kumurudisha kwabo."